Nyumba ya Kompyuta Ndogo: Ziwa, Vumbi na Bisibisi

Waheshimiwa wazee, walimu wenzangu, mafundi wa Mukendo na Nyasho, wanafunzi mliotoka Bunda na Butiama kwa basi la asubuhi: kitu nitakachowaeleza leo, wengi wenu mkikikuta sokoni mngedhani ni kipande kilichochomolewa kwenye redio mbovu.

Hiki nilichoshika ni kompyuta nzima. Inaitwa Raspberry Pi. Urefu wake ni milimita 85 na upana milimita 56, yaani inakaribiana na kadi ya benki. Pembeni ina matundu ya USB, tundu la waya wa mtandao na tundu la skrini. Kwa chini kuna nafasi ya memori kadi, ileile ya simu. Hapa juu zimesimama pini 40 kwa safu mbili, na kupitia hizo bodi hii huzungumza na kipima joto, taa, pampu ya maji au kengele ya shule. Nimekuja nayo bila nguo kwa makusudi. Ndivyo inavyotoka kiwandani, na mhadhara wangu wote unahusu kitu ambacho hamkioni mkononi mwangu, yaani kasha lake.

Ilipoanza kuuzwa tarehe 29 Februari 2012, toleo la Model B kwa dola 35, ilikuwa bodi tupu. Eben Upton na wenzake wa Cambridge, Uingereza, walitaka watoto wapate mashine ya bei nafuu ya kujifunzia kuandika programu, na kila kilichoweza kupunguzwa kikapunguzwa, kasha likiwamo. Wanunuzi wa kwanza wakajifanyia wenyewe. Wapo waliokunja karatasi ngumu, wapo waliopanga matofali ya kuchezea ya Lego. Kasha rasmi, lile jeupe lenye kitako chekundu, lilifika 2015, miaka mitatu baadaye. Kwa hiyo tangu mwanzo kasha lilionekana jambo la kumalizia, la kufikiriwa ukishapata fedha nyingine. Mimi nimezifunga bodi hizi hapa Musoma na kwingine mkoani kwetu kwa miaka kadhaa sasa, na nimeona kasha likiamua kama mashine itaishi miaka minne au miezi minne.

Nina jambo moja tu la kusema leo. Usichague kasha kwa kuitazama bodi. Patazame kwanza mahali bodi inapokwenda kuishi, kisha mfikirie mtu atakayekuja kulifungua.

Kava la simu mnalijua. Kazi yake ni simu isivunjike ikianguka, basi. Kasha la bodi hii lina kazi ngumu zaidi, kwa sababu adui wako pande mbili. Nje kuna vumbi, maji, wadudu na vidole vya watu. Ndani kuna joto, na joto hilo linazalishwa na bodi yenyewe inapofanya kazi. Ukifungua sana, umewakaribisha wa nje. Ukifunga sana, umemfungia ndani yule mwingine. Wahenga walituonya kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta, nami katika mambo mengi nawaunga mkono. Katika kazi hii upo ufa ambao ukiuziba ndipo unapoua.

Joto hilo linapimika. Ukiandika amri ya vcgencmd measure_temp, bodi inakujibu papo hapo prosesa ina nyuzi ngapi. Katika matoleo mengi, ikifika nyuzi 80 za Selsiasi prosesa inaanza kujipunguzia kasi ili isiungue, na kwenye 85 inajibana zaidi. Haizimiki wala haitoi moshi. Inakuwa nzito tu, na mwenye nayo analaumu mtandao. Mwalimu mmoja alinipigia simu akisema kompyuta zake huchoka baada ya saa sita mchana, na neno alilochagua lilikuwa sahihi kuliko alivyojua.

Hata waliotengeneza bodi walijifunza hili kwa kupitia humo humo. Toleo la 4 lilipotoka Juni 2019 lilikuwa na nguvu nyingi na joto jingi, na kasha lake rasmi lilikuwa limefungwa pande zote. Mwishoni mwa 2020 wakaanza kuuza feni ndogo ya kupachikwa ndani ya kasha hilo hilo. Toleo la 5 lilipofika 2023, kasha lake likaja na feni tangu dukani. Na hao wanakaa katika nchi ambayo chumba chenye nyuzi 25 huhesabiwa kuwa na joto. Sisi chini ya bati bila dari, saa nane mchana, tunaanza na nyuzi 35 kabla bodi haijawashwa. Tena tuko juu: uso wa ziwa letu, Victoria, uko mita 1,134 kutoka usawa wa bahari, na hewa ya huku ni nyepesi kwa karibu sehemu moja ya kumi kuliko ya Tanga au Dar es Salaam. Hewa nyepesi hubeba joto kidogo. Tofauti si kubwa, lakini inatuangukia upande ule ule ambao tayari tumeelemewa.

Sasa niwapeleke Makoko.

Bodi ya kwanza niliyoifunga nje niliiweka kule, kando ya maji, karibu na mahali akina mama wanapoanika dagaa. Kazi yake ilikuwa kupima joto na unyevu wa hewa, maana dagaa likianikwa siku ya unyevu mwingi halikauki, linaoza. Nikanunua kontena la plastiki la kuwekea chakula, lile lenye mfuniko wa kubana na mpira pembeni. Nikatoboa tundu la waya, nikazungushia silikoni, nikajaribu kulizamisha kwenye ndoo. Halikuingiza tone. Nikalifunga juu ya nguzo nikaondoka nimeridhika.

Wiki ya tatu bodi ikanyamaza. Nilipoufungua mfuniko, upande wake wa ndani ulikuwa umejaa matone kama mfuniko wa sufuria ya wali. Pini zilikuwa na kutu ya kijani, na chini ya memori kadi maji yalikuwa yametuama. Mvua haikuwa imenyesha hata siku moja katika wiki hizo tatu.

Maji yalitoka wapi? Nililala na swali hilo siku kadhaa kabla sijaelewa. Mchana jua hulipiga kontena, hewa ya ndani inatanuka na kujisukuma nje kupitia penye udhaifu, hata kwenye nyuzi za waya wenyewe, kati ya shaba na plastiki yake. Usiku kukipoa hewa inasinyaa, kasha linavuta pumzi, nayo pumzi ya usiku kando ya ziwa imejaa maji. Alfajiri maji hayo yanageuka kuwa umande ndani. Kesho yake linatoa hewa na kubakiza maji. Kasha lililozuia mvua lilikuwa linakunywa ziwa kidogo kidogo kila usiku.

Jawabu lilikuwa mjini hapa hapa. Katika vituo vya hali ya hewa, kikiwamo cha Musoma, kuna kibanda cheupe cha mbao kilichosimama juu ya miguu, kuta zake ni vibao vilivyoinamishwa kama vya dirisha la zamani. Hewa inapita, mvua na jua havipiti. Kibanda hicho kilibuniwa miaka ya 1860 na Thomas Stevenson, mhandisi wa minara ya taa wa Scotland, baba wa mwandishi wa hadithi ambayo wazee wengi hapa waliisoma shuleni kwa jina Kisiwa Chenye Hazina. Zaidi ya miaka mia moja na hamsini imepita na sehemu nyingi za dunia bado zinapimia joto ndani yake. Vipimajoto vya Stevenson havikutumia umeme, lakini swali lake lilikuwa letu: utakizuiaje kitu kisiguswe na jua na maji huku hewa ikikigusa?

Nikarudi Makoko na sahani. Naam, sahani nyeupe za plastiki, zile za shughuli. Nilizitoboa katikati isipokuwa ya juu kabisa, nikazipanga zimeinama kifudifudi, moja juu ya nyingine, kati yake nikaweka vipande vya bomba ili pabaki nafasi ya kidole. Kipimo cha joto na unyevu kikaingia humo. Bodi yenyewe nikaiweka chini yake, kwenye boksi la plastiki la mafundi umeme, la rangi nyeupe, na safari hii nikatoboa tundu dogo kwa chini, pembe iliyo chini kuliko zote. Maji yakiingia, yana mlango wa kutokea. Waya nikauingiza kutoka chini, na kabla ya kuingia nikaulegeza uning'inie kama tumbo, ili tone linaloteremka juu yake lidondokee hapo na lisiufuate mpaka ndani. Mambo haya mawili, tundu la chini na tumbo la waya, hayana gharama. Ukisahau kila kitu nitakachosema leo, yakumbuke hayo.

Na kivuli. Kasha linalopigwa na jua linapashwa moto mara mbili, na kwetu kivuli kina hila yake. Musoma iko nyuzi moja na nusu tu kusini mwa Ikweta, kwa hiyo jua linatupita juu ya utosi Machi na Septemba. Juni liko kaskazini, Desemba liko kusini. Ukuta uliokuwa na kivuli ulipofunga kasha lako mwezi wa saba utakuwa juani mwezi wa kumi na mbili. Tafuta upenu mpana, au lipe kasha paa lake la pili, kipande cha bati kilichoinuliwa vidole viwili juu yake ili hewa ipite katikati.

Hapo nilidhani nimemaliza. Nilikuwa nimesahau wadudu.

Mnawajua wale wadudu wa ziwani wanaoinuka juu ya maji kama moshi, mpaka mgeni akadhani kuna mtumbwi unaungua. Wanazaliwa majini kwa mamilioni na kuibuka kwa pamoja, na wale wanaoitwa Chaoborus hufuata mwezi, wanaibuka sana siku za mwezi mwandamo. Wanaishi muda mfupi na wanapenda taa. Asubuhi unawafagia barazani kwa chepeo. Sasa fikirieni kasha zuri la plastiki angavu, lenye matundu ya hewa, na ndani yake kitaa chekundu na cha kijani vinavyomweka usiku kucha. Kila kitu kinachompendeza mteja dukani kinawaita wadudu hao. Wanaingia, wanakufa juu ya bodi, wanashika unyevu. Mjusi anakuja kuwala, anapata na joto la bure, anabaki. Kinyesi cha mjusi kikiangukia kati ya pini mbili kina chumvi na maji ya kutosha kupitisha umeme mahali usipotakiwa. Bodi mbili zimeniharibikia hivyo, nazo mvua haikuzigusa.

Kwa hiyo kando ya ziwa nataka kasha lisilopenyeza mwanga, na matundu ya hewa yazibwe kwa kitambaa laini kuliko wavu wa dirisha. Soksi ya nailoni ya akina mama inafaa sana. Tandaza tabaka moja, usizidishe, maana kila tabaka linazuia pumzi, na uifue kila mwezi. Usifunge kasha chini ya taa ya ulinzi hata kama ndipo penye soketi ya karibu. Na matundu yasiwe ya ukubwa wa penseli, kwa ajili ya nyigu wa udongo. Nyigu huyo akikuta tundu linalomtosha, analijaza matope na mayai kwa siku moja. Mnaweza kuona ni jambo dogo. Ndege ya Birgenair iliyoanguka baharini karibu na Jamhuri ya Dominika Februari 1996 na kuua watu 189 ilikuwa na bomba la kupimia mwendo lililoziba, na wachunguzi walimshuku nyigu wa namna hiyo hiyo.

Bunda ni nchi nyingine. Ni mwendo wa saa moja na kitu kwa gari, lakini kwa bodi ni kama kuhamia jangwani. Kiangazi, kuanzia Juni, malori ya Mwanza na Musoma yakipita na upepo ukishuka kilima cha Balili, vumbi linaingia kila mahali, mpaka ndani ya kabati lililofungwa. Niliitwa kwenye steshenari moja kuangalia bodi iliyokuwa ikiendesha kamera za ulinzi. Mwenye duka alikuwa amefanya kila alichoambiwa: amenunua kasha la bei, lenye feni. Nilipolegeza skrubu nne na kuinua mfuniko sikuiona bodi. Niliona blanketi. Vumbi lilikuwa limelala juu ya prosesa limeshikana kama sufi, unaweza kulinyanyua kwa vidole kama kitambaa, na mabawa ya feni yalikuwa mazito, yanazunguka kwa kukoroma. Prosesa ilikuwa na nyuzi 83, feni ikiwa inafanya kazi.

Feni huleta hewa, na hewa ya Bunda ina vumbi. Kwa hiyo pale feni ilikuwa inaimwagia bodi udongo saa ishirini na nne. Kwa mahali kama hapo napendekeza kasha la alumini lisilo na feni wala tundu, lile ambalo mfuniko wake una nguzo fupi inayoshuka na kugusa prosesa, katikati pakiwa na kipande laini cha kupitishia joto. Kasha zima linageuka kuwa kipoozi. Alumini hupitisha joto mara mamia kadhaa kuliko plastiki ya kawaida, kwa hiyo ukiligusa kasha na kulikuta la moto usiogope, ndiyo kazi yake, linalitoa joto nje. Ubaya wake ni mmoja: metali huziba mawimbi. Antena ya Wi-Fi imo ndani ya bodi yenyewe tangu toleo la 3, na ukiifunika kwa alumini kila upande mawasiliano yanadhoofika. Pale steshenari haikutusumbua, tulitumia waya wa mtandao. Ukitegemea Wi-Fi, tafuta kasha lenye upande mmoja wa plastiki, au chomeka kifaa cha Wi-Fi kwenye USB nje ya kasha.

Mtasikia pia wauzaji wakitaja IP65, IP67. Tarakimu ya kwanza ni vumbi, mwisho wake 6. Ya pili ni maji. Ni kipimo cha kweli, lakini kinapimwa kasha likiwa jipya na zima. Siku unapotoboa tundu lako la waya, tarakimu hizo hazikuhusu tena. Na kwa yale niliyowaeleza ya Makoko, mnaona kwamba kuzuia maji yasiingie si sawa na kubaki mkavu.

Nije kwenye sehemu ya pili ya neno langu, ambayo ndiyo inayoniuma zaidi. Nani atakayelifungua?

Niliwahi kupelekwa kwenye shule moja ya mkoa huu, sitaitaja, iliyokuwa imepewa msaada wa kompyuta ndogo kumi na mbili ndani ya makasha mazuri ya chuma. Saba zilikuwa hazifanyi kazi. Nilidhani nitakuta zimeungua. Tatizo kwa zote saba lilikuwa memori kadi, kitu cha kubadilisha kwa dakika tano. Lakini skrubu za makasha zilikuwa za nyota yenye kichomozi katikati, zile za kuzuia wezi, na bisibisi yake haikuja na msaada. Fundi wa jirani alikuwa amejaribu kwa kisu mpaka vichwa vikalika. Mashine zikakaa kabatini miaka miwili, zikiwa salama kabisa dhidi ya vumbi, maji na wanafunzi.

Naumia nikikumbuka kabati lile. Watoto wa madarasa mawili mazima walimaliza shule bila kuzigusa.

Majirani zetu wameliwaza suala hili kwa uzito. Mwaka 2013 watu wa shirika la Ushahidi pale Nairobi walichangisha fedha kutengeneza BRCK, kifaa cha intaneti chenye betri ya saa nane ndani ya kasha gumu jeusi, kwa sababu vifaa walivyoagiza nje vilikuwa vimetengenezwa kwa ofisi zenye umeme usiokatika. Mwaka 2015 wakatoa Kio Kit: sanduku gumu linalofungwa, ndani yake tableti 40 za wanafunzi zinazochajiwa humo humo bila kuchomeka nyaya moja moja. Tazameni kilichofanyika hapo. Waliliuliza darasa kwanza, mwalimu ana dakika ngapi, nani anabeba, usiku vinalala wapi, ndipo wakachora sanduku. Na hapa nchini, shirika la Powering Potential, lililoanzishwa na Mmarekani Janice Lathen baada ya safari yake ya Tanzania mwaka 2006, lilianzia Karatu kufunga kompyuta za sola katika shule za sekondari, na likaichagua Raspberry Pi kwa sababu inakula wati chache tu, pamoja na maktaba ya RACHEL inayosomeka bila intaneti. Mashine inayokula umeme kidogo inatoa joto kidogo, na mashine yenye joto kidogo haidai kasha lenye matundu mengi. Ukipunguza kazi isiyo ya lazima ndani ya bodi, umeshanunua nusu ya kasha.

Ipo hali moja ambapo hutaki kasha lifunguliwe wala lionekane. Mwaka 2018 katika pori la akiba la Grumeti, upande wa Bunda na Serengeti, walijaribu kamera ya TrailGuard ya shirika la RESOLVE, yenye uwezo wa kumtambua mtu ndani ya picha na kuwaarifu askari wa wanyamapori. Si Raspberry Pi, ila ni ndugu yake katika udogo. Kichwa cha kamera ni kiasi cha kidole, na sehemu kubwa ya mashine inafichwa pembeni, kwa sababu jangili akiona sanduku juu ya mti analing'oa. Kasha lake limechaguliwa kwa macho ya jangili. Ni kanuni ile ile ya mahali na mtu, kwa upande wa pili.

Butiama nina bodi chache, zote mikononi mwa wanafunzi, na huko nimebadili mawazo yangu. Njia yenyewe ilinifundisha jambo la kwanza. Mwaka 1934 mtoto Kambarage Nyerere alitoka Butiama kuja kuanza shule ya Mwisenge hapa Musoma. Leo bodi zangu zinakwenda upande wa pili ndani ya begi, juu ya bodaboda. Kinachovunjika njiani ni memori kadi, kwa sababu inachomoza milimita chache nje ya bodi na inakwaruzwa na kila kitu. Kwa hiyo hata kasha la bei ya chini kabisa naligeuza kwanza nione kama ukingo wake unaifunika kadi. Nyingi haziifuniki.

Jambo la pili nilifundishwa na binti mmoja wa kidato cha pili. Nilikuwa nimewapelekea makasha meusi, imara, ya kudumu. Akauliza, mwalimu, sasa tutajuaje kilichomo? Aliuliza kwa adabu na kwa haki. Kwa mwanafunzi, kasha linaloficha kila kitu linamnyima somo alilokuja kusoma. Nikarudi na makasha ya plastiki angavu upande wa juu, yaliyoachwa wazi penye pini 40, yale yale ambayo kule Makoko ningeyakataa. Darasani wadudu ni wachache, dari lipo, na saa kumi jioni bodi zinarudi kwenye sanduku la mbao lenye kufuli.

Sanduku hilo la mbao lilitengenezwa na fundi seremala wa hapo hapo Butiama, na tangu hapo nimeacha kuagiza makasha ya shule kutoka mbali. Mbao haipitishi joto vizuri, kwa hiyo liachie sanduku matundu mapana chini na juu ili hewa ya moto ipande yenyewe itoke. Kwa bodi moja moja, mafundi bati wetu wanaweza. Bodi ina matundu manne ya skrubu za milimita 2.5 pembeni. Fundi anahitaji kiolezo cha karatasi tu, na vipande vya plastiki vya kuinua bodi isiguse bati, maana ikigusa imekwisha. Mwenye printa ya 3D achapishe, lakini ajue plastiki yake. PLA, iliyozoeleka zaidi, inalegea kwenye nyuzi kama 60, na dashibodi ya gari juani inafika hapo. Wanaofunga vituo vya hali ya hewa vya 3D-PAWS, ambavyo viko hata Kenya na Zambia, huchapisha kwa ASA kwa sababu inavumilia jua. Chuo cha VETA hapa Musoma kina vijana wanaoweza kufanya kazi hii vizuri kuliko duka lolote la mtandaoni, kwa sababu wao wanaijua baraza ambayo kasha litaning'inia.

Niseme wazi pia ambacho kasha haliwezi. Haliwezi radi, na ziwa letu lina radi za usiku ambazo mnazijua. Haliwezi chaja mbovu ya simu inayotoa umeme hafifu, ambayo ndiyo inayoharibu memori kadi nyingi. Haliwezi mtu anayechomoa plagi bila kuizima mashine kwanza. Msije mkalilaumu kasha kwa hayo.

Mezani hapa kuna makasha matatu. La kwanza ni lile kontena la chakula la Makoko, na matone yamekauka yakaacha alama zake. La pili ni la alumini, la Bunda, nimelileta bila kulifuta. La tatu ni la bati, kazi ya kijana wa Nyasho, halijawahi kutumika na nina mashaka na tundu lake la kushoto. Bisibisi ni hizi nne, za kawaida. Wanafunzi waanze, wazee watatusamehe. Fungueni, na mkimaliza mniambie lile la tatu tulifunge wapi.